Rangi ya Samaki Katika Pima Tano

Bahari haimnyang'anyi mtu nuru kwa mkupuo mmoja, bali humwondolea rangi moja baada ya nyingine, kwa taratibu isiyobadilika tangu dunia ilipoumbwa: kwanza nyekundu, ambayo sehemu yake kubwa huwa imekwisha kumezwa kabla mzamiaji hajafika mita sita; kisha rangi ya machungwa, ambayo mita kumi huimaliza karibu yote; kisha manjano; hata mtu akafika mahali ambapo jua la adhuhuri, lililomwunguza mabega chomboni muda mfupi uliopita, halimfikii tena ila kwa buluu. Na lililo la ajabu ni kwamba yeye mwenyewe aghalabu hana habari ya dhuluma hiyo, kwa kuwa jicho la mwanadamu limejaaliwa wepesi wa kuzoea, na akili humjazia yaliyopungua kwa kumbukumbu ya yale aliyoyaona juu. Hupanda chomboni akiwa na furaha, akiamini kuwa ameona bustani. Hufungua kamera yake, akakuta amerudi na ukungu wa buluu ambao ndani yake samaki, matumbawe na mwenziwe aliyekuwa akiogelea ubavuni wote wamevikwa nguo ya rangi moja.

Mimi nilifundishwa haya na ghuba ya Chole, katika kisiwa cha Mafia, ambako wazee wa kijiji kimoja cha upande wa Utende waliniomba niwaletee video za chini ya bahari ili zionyeshwe usiku, kwenye shuka jeupe, mbele ya watu waliokula riziki ya bahari hiyo tangu utotoni na hawajapata kuiona tumboni mwake. Walikuwamo kina mama wanaotafuta pweza maji yanapokupwa, ambao hujua kila tundu la mwamba ulio karibu na ufuko lakini hawana miwani ya kuzamia wala sababu ya kuivaa. Walikuwamo watoto wa madrasa. Na walikuwamo wanaume ambao, tangu Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilipotangazwa mwaka 1995, wamekuwa wakiambiwa hapa vueni na hapa msivue, bila ya kuonyeshwa kwa macho kile kinacholindwa. Haikuwa kazi ya ujira mkubwa, walakini ilikuwa na faida moja iliyoshinda ujira: nilijua tangu mwanzo nani atatazama, atatazama wapi, na kwa chombo gani, na maarifa hayo matatu yalinichagulia mipangilio ya kamera kuliko kitabu chochote cha maelezo.

Chombo chenyewe kilikuwa moja ya zile kamera ndogo zinazoenea kiganjani, ambazo siku hizi watu huziita zote GoPro hata zikiwa zimetoka katika kampuni nyingine. Mfaransa Louis Boutan, alipopiga picha chini ya maji huko Banyuls-sur-Mer mwaka 1893, alihitaji kasha zito lililobuniwa mahsusi kwa msaada wa nduguye. Na mwaka 1956, filamu ya Jacques-Yves Cousteau na Louis Malle, Le Monde du silence, ilipotunukiwa Palme d'Or huko Cannes, rangi zake za kina kirefu zilikuwa zimenunuliwa kwa taa kubwa ambazo mtu wa kawaida asingeweza hata kuziota. Leo kijana wa Kilindoni aweza kuazima kamera kwa rafiki yake, akaifunga kwenye kijiti, akazama nayo mita kumi pasipo kasha lolote. Urahisi huu ni neema, nami siudharau. Ila una hila yake, nayo ni kumfanya mtu adhani kwamba maadamu kamera inaingia majini, basi imetungwa kwa ajili ya maji. Haikutungwa hivyo. Ilifunzwa kuhukumu nuru ya nchi kavu, na ikishushwa baharini huendelea kuhukumu kwa sheria zile zile.

Jambo ambalo wageni wa kamera hizi hulifahamu kwa kuchelewa ni kwamba kioo chake cha kugusa hakitii kidole kikiwa chini ya maji. Hubaki vifungo vya pembeni, navyo havifai kwa mashauri marefu. Kwa hiyo kila uchaguzi ulio wa maana sharti ufanyike mtu akiwa bado amekaa chomboni, mikono mikavu, akili imetulia. Wengi, kwa kuona uzito wa jambo hilo, huiachia kamera ijiamulie yote. Na kamera ikiachiwa, huwa kama mtumishi mwenye bidii asiyeuliza, ambaye kila akisikia hatua za bwana wake hupanga upya viti vya baraza. Mpigaji akipita juu ya mchanga mweupe, kamera hudhani nuru imezidi, ikaipunguza. Akigeukia ubavu wa mwamba wenye kivuli, ikaiongeza. Akielekeza lenzi kwenye maji matupu, ikabadili rangi ya bahari nzima katikati ya kipande kimoja cha video, kutoka buluu kwenda kijivu na kurudi buluu. Aliyekaa mbele ya shuka hamwoni samaki tena. Anaona kamera ikisitasita.

Basi la kwanza nililojifunza kulifunga ni mizani ya weupe, yaani kipimo kinachoiambia kamera kitu gani kihesabiwe kuwa cheupe. Karibu na uso wa maji, katika mita mbili tatu za mwanzo, Kelvin 5500, ambayo ndiyo nuru ya mchana, hutosha. Kadiri mtu anavyoshuka huhitaji namba kubwa zaidi, 6000 au 6500, ili picha ipate joto la rangi. Lakini namba haina uwezo wa kuumba. Wekundu ambao maji yamekwisha kuumeza haurudishwi na namba, wala hauokolewi na kompyuta baada ya safari. Ukilazimishwa, hutoka chenga nyekundu zinazotapakaa vivulini. Kwa sababu hiyo wazamiaji hufunga kichujio chekundu mbele ya lenzi, na yafaa ifahamike kuwa kichujio hicho hakiongezi chochote, bali hupunguza buluu na kijani ili wekundu mchache uliosalia usizidiwe nguvu. Kina wakati wake na mipaka yake. Mtu akiwa bado hajafika mita nne au tano, huipaka dunia yote wekundu usio na adabu. Akipita mita ishirini, hakuna tena wekundu wa kuokolewa, na kichujio hubaki na kazi ya kula nuru tu. Kati ya mipaka hiyo miwili, jua likiwa juu na mpigaji akiwa amelipa mgongo, sijaona kifaa cha bei ndogo kinacholeta faida kubwa kuliko hicho.

Naam, lakini Mafia haina bahari ya rangi moja. Upande wa mashariki, katika mlango wa Kinasi ambako maji ya bahari kuu huingia ghubani, maji yanapojaa huwa ya buluu safi, na nahodha yeyote mwenye busara huwashusha wazamiaji wakati huo, kwa kuwa yakianza kupwa hutoka na uchafu wa ghuba na yaweza kumchukua mtu hata nje. Upande wa magharibi, Kilindoni, kisiwa kinaelekea delta ya Rufiji, na mto ule mkubwa huyatia maji ya mkondo ule rutuba na tope kiasi cha kuyageuza kijani. Rutuba hiyo hiyo ndiyo inayomleta papa potwe kula vijidudu vya majini, tangu mwezi wa Oktoba hata karibu na Machi. Kichujio chekundu kilichonisaidia mashariki hakina kazi huko, maana maji ya kijani hutaka kichujio cha waridi iliyokolea, ambacho hupunguza kijani. Na kwa papa potwe mwenyewe, ambaye hula karibu sana na uso wa maji, niliondoa vichujio vyote, nikamwachia jua. Tena upo mpangilio mmoja ambao haumo ndani ya kamera yoyote, nao uko mbinguni: mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au umetimia, maji hukimbia kwa nguvu na kuinua vumbi la chini. Siku za maji mafu hutulia, na chembe hukaa mahali pake. Mvuvi asiyejua kusoma namba moja ya Kelvin aweza kukuambia, kwa kutazama mwezi tu, kama kazi yako ya kesho itakuwa na maana.

Ni mvuvi wa namna hiyo, mzee wa Jibondo aliyekuwa amekuja Utende kwa shughuli zake, aliyenipa rai ambayo hata leo sijaipatia jibu kamili. Nilikuwa na vipande viwili vya chewa mdogo mwekundu mwenye madoa ya buluu, aliyekaa chini ya jabali la matumbawe katika pima tano: kimoja kwa nuru ya bahari peke yake, na kingine nikiwa nimemmulika kwa taa, naye akawaka wekundu kama marijani. Nilimwamkia mzee shikamoo, nikamwonyesha vyote viwili, nikitazamia ausifu ule wa taa. Akatazama kwa utulivu, akasema, "Marahaba, mwanangu. Huyu wa pili umemkuta sokoni. Mimi nikizamia namwona kama huyu wa kwanza, mweusi mweusi hivi; wekundu wake huja akiwa keshatoka majini."

Nilimwambia kwamba wekundu ule ni wake samaki, si wa taa, na taa haikumtia rangi asiyokuwa nayo. Akakubali, kisha akaniuliza kama samaki mwenyewe ana habari nao. Lilikuwa swali la haki. Wekundu katika kina kile ni vazi la kujificha, kwa kuwa pasipo nuru nyekundu huonekana kama kivuli, na chewa yule huishi na kuwinda katika kivuli hicho. Mimi nilipowasha taa nilimvua nguo mbele ya hadhara. Wapo wapigaji wanaoamini kwamba ukweli wa bahari ni rangi zake zote zikirudishwa, na wapo wanaoamini kwamba ukweli wake ni buluu ile ile anayoiona mzamiaji. Nami, baada ya mazungumzo yale, nimesimama karibu zaidi na kundi la pili, ingawa si ndani yake. Nilipofunga mizani ya weupe kwa ajili ya video za kijijini, niliuacha mchanga ubaki na buluu kidogo, kiasi cha kumfanya mama mtafuta pweza ajue kwamba hapa ni chini na si ufukweni, na kichujio nikakitumia kwa kadiri ya kutenganisha matumbawe na jiwe lililokufa. Taa nikaihifadhi kwa ajili ya mapango, na hata humo niliishika mbali na lenzi, kwa ubavu, kwa sababu taa iliyokaribiana na lenzi humulika kila chembe iliyo mbele yake na kuyajaza maji vumbi linalong'aa.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau wanapohesabu kina. Nuru haikomi safari yake inapomfikia samaki. Hutoka kwake ikaja kwenye lenzi, na maji yaliyo katikati huila vile vile kama yale yaliyo juu. Samaki aliye katika mita tano, akipigwa kutoka mita tano mbali, amepoteza rangi sawa na aliye katika mita kumi akipigwa kutoka karibu. Kwa hiyo mtu aliyenunua kamera ya thamani na vichujio vya kila namna, akawa anapiga kutoka mbali kwa hofu au uvivu, hushindwa na mtoto mwenye kamera kuukuu aliyejifunza kusogea polepole, bila ya kupiga mapezi kwa kishindo, hata akawa urefu wa mkono mmoja na samaki wake. Na kwa kuwa kamera hizi huona upana mkubwa, nazo hazina namna ya kuvuta cha mbali isipokuwa kwa kukata picha, kusogea ndiko kunakoziponya. Niliacha mwono mpana siku zote, kwa sababu kioo bapa kinapokutana na maji hupunguza upana wa mwono kwa karibu robo na kuvifanya vitu vionekane vikubwa na vya karibu kuliko vilivyo. Ukichagua mwono mwembamba juu ya hasara hiyo, utarudi na mkia wa papa potwe usio na kichwa. Ule ufundi wa kutuliza mtikisiko nao hukata kingo za picha ili ufanye kazi yake, basi niliuwasha penye mawimbi ya juu na kuuzima chini, ambako maji yenyewe humshika mtu vizuri akijua kutulia.

Kuhusu kiasi cha nuru nitasema kwa kifupi, ingawa wataalamu hulipenda sana jambo hili. Tundu la lenzi katika nyingi ya kamera hizi halibadiliki, kwa hiyo vilivyobaki mkononi mwa mpigaji ni viwili: muda ambao kila picha inafunuliwa kwa nuru, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi nuru hiyo. ISO nimeifunga kati ya 100 na 400, na kwa shingo upande 800 penye giza, kwa kuwa juu ya hapo zile chenga huanza, na chenga zikichanganyika na buluu ya maji hakuna anayeweza kuzitoa. Muda wa kila picha nimeuweka nusu ya nafasi iliyopo kati ya picha na picha, kama ilivyo desturi ya watengenezaji wa filamu: sehemu moja ya 50 ya sekunde kwa video ya picha 25 kwa sekunde, sehemu moja ya 100 kwa ile ya picha 50. Karibu na uso wa maji jua huwa kali mno kwa desturi hiyo, na hapo niliiachia kamera ijipimie muda. Nimechagua 25 na 50 badala ya 30 na 60 kwa sababu isiyohusu bahari hata kidogo, nayo ni kwamba umeme wetu ni wa hezi 50, na kipande cha video kilichopigwa nyumbani chini ya taa za umeme huo kwa picha 30 huweza kuja kikipepesa, nami nilitaka vipande vya baharini na vya barazani vikae katika filamu moja bila ya kugombana.

Ndipo unapoingia ule ugomvi wa 4K, ambao nimeona vijana wakiufanya kipimo cha heshima. Video ya 4K inayoandikwa kwa megabiti 100 kila sekunde hula takriban gigabaiti 45 kwa saa, na kadi ya gigabaiti 64 hujaa kabla ya saa moja na nusu. Kompyuta tuliyokuwa nayo haikuweza hata kuichezesha bila ya kukwama, na shuka letu, lililokuwa na mikunjo na kuchezwa na upepo wa kusi, lisingeonyesha tofauti yake kwa jicho lolote. Nikapiga kwa 1080, picha 50 kwa sekunde, ili mwendo wa kasa na wa mkunga uweze kupunguzwa kasi kwa nusu watoto wakitaka kuutazama vizuri, na nikazima Wi-Fi na GPS, ambazo mawimbi yake hayapenyi maji ya chumvi na ambazo hula betri bure. Mwenye kupigia televisheni kubwa na achukue 4K, hana kosa. Mimi nilikuwa na shuka.

Yaliyobaki ni ya hadhari. Kamera inayotumia kasha ifungwe asubuhi na mapema, mahali pakavu, si chomboni adhuhuri, kwa maana hewa yenye unyevu ikifungiwa ndani hutoa ukungu kwenye kioo mara kasha linapoguswa na maji baridi. Mpira wa mlango utazamwe kama una unywele au punje ya mchanga. Na kazi ikiisha kamera ilowekwe katika maji baridi yasiyo na chumvi kabla haijakauka.

Lakini lipo neno moja nililolichelewesha, nalo ni la watu wa pwani wenzangu, hasa vijana walio na kamera hizi na mapumziko ya shule. Mwaka 1998, joto la bahari lililofuatana na El Niño liliyafanya matumbawe ya upande huu wa Bahari ya Hindi kupauka na mengi yakafa, na Mafia haikusalimika; joto la namna hiyo limerudi tena katika miaka ya 2016 na 2024. Matumbawe yakipauka huwa meupe, na kamera iliyoachiwa kujichagulia weupe aghalabu huubadili weupe huo kwa kadiri ya vitu vingine vilivyomo katika picha, basi video ya mwaka huu na ya mwaka ujao za jabali lile lile haziwezi kulinganishwa, wala haziwezi kumshuhudia mtu yeyote kitu chochote. Kwa hiyo chagueni jabali moja karibu na kijiji chenu, lipigeni kila kaskazi kutoka pembe ile ile, kina kile kile na saa ile ile ya maji, mkiwa mmefunga mizani ya weupe kwa namba moja na kukishika kibao cheupe mbele ya lenzi kwa nukta chache mwanzoni. Kisha andikeni kwa kalamu, katika daftari la kawaida, tarehe, kina, hali ya maji, kichujio na namba zote mlizotumia, na daftari hilo likabidhiwe kwa mwalimu au kwa wazee wa kijiji, likae pamoja na kadi.